Waridi Gizani: Kisa cha Nicole Leguay na Kidani cha Almasi



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, siku chache zilizopita alinijia ofisini binti mmoja wa parokia yetu. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuja katika kiti cha maungamo. Alikuja ofisini, akaketi, akaongea, na mwishoni akanipa ruhusa ya kuyasimulia aliyoyasema, ilimradi jina lake lisitajwe. Binti huyu ni mhudumu wa baa. Dominika huketi katika benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na Misa ikiisha huondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Katika jumuiya ndogondogo haonekani, kwa sababu alipojaribu kwenda mara moja, kina mama waliacha kuongea alipoingia.

Alichonieleza ni hiki. Kijana mmoja wa mtaani kwake alikuwa akiwatafuta wanaume wapweke kwa njia ya simu, akijifanya mwanamke anayetafuta mchumba. Ujumbe aliuandika mwenyewe, lakini mwanaume alipotaka kusikia sauti, kijana yule alimwita binti huyu na kumpa karatasi ya kusoma. Mmoja wa waliodanganywa alikuwa fundi mwashi wa mkoa mwingine, mtu mzima aliyefiwa na mke. Aliuza ng'ombe wake akatuma nauli ya mchumba na kodi ya chumba. Siku ya kumpokea alikwenda stendi asubuhi, akakaa hadi jioni. Hakushuka mtu.

"Padre," binti akaniuliza, "mimi nilisoma tu maneno niliyopewa. Hela sikuishika. Nilipewa elfu ishirini na vocha. Je, mimi pia nina kosa?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia nitamsimulia kisa cha kweli cha mwanamke mwingine, aliyeishi mbali na hapa na zamani sana, ambaye naye alipewa maneno machache ya kusema gizani. Kwa kuwa swali la binti huyu si lake peke yake, nimeona nikiandike kisa hicho hapa, sote tukitafakari.

Kidani kilichokosa mwenyewe

Mjini Paris, katika miaka ya mwisho ya utawala wa mfalme Louis XV, masonara wawili, Boehmer na Bassenge, walitengeneza kidani cha almasi ambacho thamani yake ilishinda kila kitu kilichowahi kuonekana madukani. Kilikuwa na almasi 647, na bei yake ilifikia livre 1,600,000, fedha ya Ufaransa ya nyakati zile. Walitumaini mfalme angekinunua kwa ajili ya kimada wake, Madame du Barry. Lakini mwezi Mei 1774 Louis XV alifariki kwa ugonjwa wa ndui, na kimada akafukuzwa ikulu. Masonara wakabaki na mali iliyowameza, na madeni ya kununulia almasi zile. Wakamwendea malkia mpya, Marie Antoinette, mke wa Louis XVI. Malkia akakataa kukinunua.

Wakati huohuo alikuwapo Kardinali Louis de Rohan, Askofu wa Strasbourg, ambaye pia alikuwa mkuu wa mapadre wa nyumba ya mfalme. Nasema kwa huzuni, kwa kuwa alikuwa mtu wa daraja takatifu, kwamba aliishi maisha ya anasa kuliko ya altare. Alipokuwa balozi mjini Vienna, kuanzia mwaka 1772 hadi 1774, mwenendo wake ulimchukiza Maria Theresa, mama yake Marie Antoinette, na bintiye akairithi chuki hiyo. Kwa miaka mingi malkia hakumsemesha Kardinali. Naye Kardinali akawa kama mgonjwa wa kiu. Alitaka neno moja tu kutoka kinywani mwa malkia, kwa maana aliamini kwamba neno hilo lingemfungulia mlango wa kuwa waziri mkuu wa mfalme.

Ndugu zangu, mdanganyifu hatuletei njaa. Hutukuta nayo tayari, akaja na sahani tupu.

Aliyeileta sahani hiyo ni Jeanne de Valois, aliyejiita Countess de la Motte. Huyu naye alikuwa na historia ya kuhuzunisha. Ukoo wake ulitoka kwa mwana wa nje wa mfalme Henri II, ila damu ile ya kifalme haikuwaachia hata mkate. Jeanne alipokuwa mtoto alikuwa akiombaomba barabarani, hadi mama mmoja mwenye cheo, Marquise de Boulainvilliers, akamhurumia na kumlea. Mama huyo ndiye aliyemfikisha kwa Kardinali. Jeanne alipoiona kiu ya Kardinali, alianza kumwambia kwamba yeye ni rafiki wa siri wa malkia. Hakuwahi kuwa rafiki yake. Barua zikaanza kuja, zimeandikwa na kusainiwa kana kwamba ni za malkia, kumbe ni kazi ya mkono wa Rétaux de Villette, mshirika wa Jeanne. Kadiri siku zilivyopita barua zikawa na maneno ya moto zaidi, na Kardinali, mtu wa miaka karibu 50, mwenye pete ya kiaskofu kidoleni, akaanza kuamini kwamba anapendwa.

Lakini barua peke yake haikutosha. Kardinali aliomba kumwona malkia uso kwa uso. Ndipo wadanganyifu walipohitaji mwili wa mtu.

Msichana wa bustani ya Palais-Royal

Nicole Leguay alizaliwa Paris mwaka 1761 katika ufukara, akawa yatima mapema. Alipata riziki yake kwa namna ambayo wasichana wengi wasio na mtu huishia kuipata. Alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakitembea jioni katika bustani ya Palais-Royal, na jirani zake walijua ni kwa sababu gani. Polisi waliwajua wanawake wale, vijana wa kitajiri waliwajua, ila hakuna aliyewasalimia mbele za watu. Majira ya kiangazi ya mwaka 1784, mume wa Jeanne alimwona pale bustanini, akashangaa, kwa sababu umbo lake, mwendo wake na nywele zake vilifanana na vya malkia.

Baada ya siku chache Jeanne mwenyewe akaenda kumtembelea Nicole. Tutafakari jambo hili. Mwanamke aliyezoea kuingiliwa mlango na wanaume waliomficha nyuso anatembelewa na mwanamke mwenye cheo, anaitwa "mpenzi wangu", anaonyeshwa barua na kuambiwa: hizi zimetoka kwa malkia, na malkia anakuomba jambo dogo. Jioni moja utampa bwana mkubwa barua na waridi. Basi. Utalipwa livre 15,000, na malkia mwenyewe atakupa zawadi. Wakampa hata jina jipya, Baroness d'Oliva, jina ambalo herufi zake zilichotwa kwenye jina la Valois na kupangwa upya.

Hakuelezwa lengo. Aliamini, au alitaka kuamini, kwamba ni mzaha wa wakubwa na kwamba malkia angekuwapo pale pale amejificha akitazama. Nani kati yetu, aliyezoea kusukumwa, hangefurahi kuambiwa kwamba aliye juu kuliko wote anamhitaji?

Usiku mmoja wa mwezi Agosti 1784 walimchukua hadi katika bustani za Versailles, mahali palipoitwa Kijisitu cha Venus. Walikuwa wamemvika gauni jeupe jepesi, la mtindo aliovaa malkia katika picha iliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun na kuonyeshwa Paris mwaka 1783. Giza lilikuwa nene. Nicole alikuwa akitetemeka. Kardinali akaja, kofia ameishusha usoni, akainama na kubusu pindo la gauni. Nicole akampa waridi, akanong'ona maneno aliyofundishwa, kwamba Kardinali anajua maana yake. Barua aliisahau mfukoni. Kabla hajasema zaidi, mtu akaja mbio akinong'ona kwamba kuna watu wa ikulu wanakaribia, na wote wakatawanyika gizani.

Ilikuwa dakika chache tu. Kardinali alirudi nyumbani akiamini kwamba malkia wa Ufaransa amempa ua kwa mkono wake. Nicole alirudi Paris, akaalikwa chakula mara chache nyumbani kwa Jeanne, kisha mialiko ikakoma. Katika zile livre 15,000 alipata karibu 4,000 tu.

Ua moja na vilivyofuata

Kwa nguvu ya ua lile Kardinali alitoa fedha nyingi, akiambiwa ni kwa ajili ya maskini wa malkia. Na mwezi Januari 1785, alipoambiwa kwamba malkia anakitaka kile kidani bila mfalme kujua, alikubali kuwa mdhamini wake. Mkataba ukarudi una saini "Marie Antoinette de France". Tarehe 1 Februari kidani kilikabidhiwa kwake, naye akakipeleka nyumbani kwa Jeanne, kwa imani kwamba mjumbe wa malkia atakipokea. Kidani kile hakikuvaliwa na mtu hata siku moja. Kilivunjwavunjwa, na mume wa Jeanne akaenda kuuza almasi London.

Malipo ya kwanza yalitakiwa tarehe 1 Agosti 1785. Hayakuja. Masonara wakaenda kuuliza ikulu, na malkia akasikia kwa mara ya kwanza kwamba amenunua kidani.

Tarehe 15 Agosti 1785, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Kardinali alikuwa Versailles amekwisha vaa mavazi yake tayari kwa Misa ya ikulu. Akaitwa chumbani kwa mfalme. Akaonyeshwa ile saini na kukumbushwa jambo ambalo mtu wa nasaba yake alipaswa kulijua, kwamba malkia wa Ufaransa husaini kwa jina la ubatizo tu. Kisha, mbele ya umati uliokuwa ukisubiri Misa, akakamatwa katika mavazi yale yale na kupelekwa gereza la Bastille. Siku chache baadaye Jeanne naye akakamatwa.

Nicole alisikia habari hizo, akaogopa. Alikimbilia Brussels pamoja na mwanaume aliyekuwa akiishi naye, Toussaint de Beausire. Huko akakamatwa mwezi Oktoba mwaka huohuo na kurudishwa Ufaransa. Akaingia Bastille akiwa mjamzito.

Kinywa kilichosema kweli

Hapa, wapendwa, ndipo kisa kinapogeuka, na ndiyo sababu ya kukisimulia.

Mbele ya mahakimu, kila mmoja alikuwa na sababu ya kusema uongo. Jeanne alikana kwamba tukio la bustanini limewahi kutokea, akamtupia lawama Kardinali na Cagliostro, yule tapeli wa miujiza aliyekuwa rafiki wa Kardinali. Mumewe alikuwa mbali, salama Uingereza. Villette hakukamatwa mpaka mwaka 1786. Simulizi la Kardinali, kwamba alikutana na mwanamke aliyemdhania ni malkia, bila shahidi lilikuwa kama hadithi ya mtu aliyebanwa.

Nicole angeweza kunyamaza. Alikuwa na kila sababu ya kidunia ya kufanya hivyo, kwa kuwa kukiri kwamba alijifanya malkia ilikuwa ni kukiri kosa dhidi ya heshima ya kiti cha enzi. Badala yake alisema yote. Alieleza alivyotafutwa, alivyopewa jina, alivyovikwa, alichokishika mkononi na alichokisema. Hakujipamba. Alisimulia pia kwamba barua aliisahau, na kwamba alipokea fedha. Ushahidi wake ndio uliothibitisha maneno ya Kardinali. Yaani, mwanamke aliyemdanganya kwa mwili wake gizani ndiye aliyemwokoa kwa kinywa chake mchana.

Mwezi Mei 1786, ndani ya kuta za Bastille, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akabatizwa, na Beausire akakiri kuwa ndiye baba. Tarehe 30 mwezi huo washitakiwa waliitwa mbele ya mahakama kuu ya Paris, iliyoitwa Parlement. Zamu ya Nicole ilipofika, hakutokea. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, akaomba waheshimiwa wasubiri mpaka mtoto ashibe. Na mahakimu, wazee waliovaa majoho, wakasubiri. Alipoingia, nywele na mavazi yake havikuwa katika mpangilio, na alilia kiasi kwamba hakuweza kujibu maswali.

Nimekitafakari kilio kile mara nyingi. Mtu mgumu atasema ni machozi ya kuomba huruma. Lakini Kanisa linatufundisha kuupima mti kwa matunda yake. Nicole hakuanza kulia ndipo akasema kweli. Alisema kweli kwanza, miezi mingi kabla, alipokuwa peke yake mbele ya mwandishi wa mahakama, asipokuwa na umati wa kumhurumia. Machozi yalikuja baadaye. Machozi yaliyotanguliwa na ukweli hayafanani na machozi yanayokuja mahali pa ukweli.

Tarehe 31 Mei 1786 hukumu ilitolewa. Kardinali aliachiwa kwa kura 26 dhidi ya 22, ingawa mfalme alimvua wadhifa wake na kumpeleka uhamishoni katika abasia ya La Chaise-Dieu. Villette, aliyekuwa amekiri hatimaye kwamba ndiye aliyeandika barua, alifukuzwa nchini. Jeanne alihukumiwa kuchapwa viboko, kupigwa chapa ya moto yenye herufi V, herufi ya kwanza ya neno "mwizi" kwa Kifaransa, na kufungwa katika gereza la Salpêtrière. Kuhusu Nicole, mahakama haikumtia hatiani, lakini pia haikumtangaza kuwa safi kabisa. Ilimwachia aende, ikiacha doa dogo kwenye jina lake, kwa sababu alithubutu kumwigiza malkia.

Wawili waliotoka katika umaskini mmoja

Siku hizi tumezoea kusema kwamba mtu hutenda maovu kwa sababu ya maisha magumu. Usemi huo una ukweli, nami kama paroko nauona kila siku. Njaa ni mshauri mbaya. Lakini kisa hiki kinatuwekea mbele wanawake wawili walioonja umaskini ule ule. Jeanne aliomba barabarani akiwa mtoto. Nicole alijiuza bustanini akiwa binti. Wote wawili walidharauliwa. Wote wawili walikamatwa katika uongo mmoja. Jeanne alitoroka gerezani mwaka 1787, akafika London, na huko akachapisha vitabu vya kuendelea kumchafua malkia. Alifariki mwaka 1791 kutokana na majeraha baada ya kuanguka kutoka dirishani. Nicole alisema kweli, akarudi kwenye maisha ya kawaida, akafunga ndoa na baba wa mtoto wake mwaka 1787. Hakupata utajiri wala utulivu mrefu. Alifariki mwaka 1789, kabla hajatimiza miaka 28.

Umaskini uliwafikisha wote wawili mlangoni, ila haukuwaamulia la kufanya baada ya mlango kufunguka. Kumwambia maskini kwamba hana uchaguzi ni namna nyingine ya kumdharau, kwa maana ni kumwambia kwamba hana roho. Ndiyo maana mimi siwezi kumwambia binti aliyekuja ofisini, "Usijali, ulikuwa na shida." Nikimwambia hivyo nitakuwa nimemfungia katika shida yake.

Tusisahau pia wale ambao ua lile liliwajeruhi. Malkia hakuwa na hatia yoyote katika jambo hili, lakini watu walijiuliza: ikiwa hata Kardinali aliweza kuamini kwamba malkia huwapa wanaume maua usiku bustanini, basi malkia huyo ni wa namna gani? Jina lake halikusafishika tena. Mwezi Oktoba 1793, siku chache kabla ya kukatwa kichwa, mahakama ya mapinduzi ilimwuliza kuhusu Jeanne de la Motte, na kwa mara nyingine akasema hakuwahi kumjua. Nicole hakuyataka hayo, wala hakuyajua alipolishika lile waridi. Ndivyo ulivyo uongo tunaoukopesha mkono wetu. Tunaukopesha dakika tano, nao unatembea miaka tisa.

Kardinali naye aliamka

Isije ikadhaniwa kwamba aliyehitaji kuamka ni yule kahaba peke yake. Kardinali alidanganywa, ndiyo, ila alidanganyika kwa sababu ya tamaa aliyokuwa ameilisha kwa miaka mingi. Aliyezoea kusikiliza dhamiri yake angejiuliza padre anafanya nini usiku wa manane bustanini. Hata hivyo, naye tumtendee haki. Akiwa bado Bastille aliwaahidi masonara kuwalipa kutokana na mapato ya abasia yake ya Saint-Vaast. Mapinduzi yalipokuja na mapadre wakatakiwa kula kiapo kwa serikali badala ya utii kwa Baba Mtakatifu, Rohan alikataa. Akavuka mto Rhine akaishi Ettenheim, upande wa Ujerumani wa jimbo lake, na mali iliyombakia aliitumia kuwasaidia mapadre maskini waliokimbia Ufaransa. Alifariki huko mwaka 1803. Mtu aliyekuwa ametoa fedha nyingi kwa ajili ya "maskini wa malkia" wasiokuwapo, mwishoni aliwapata maskini wa kweli.

Jibu la swali

Narudi sasa kwa swali la binti yetu: je, aliyesoma tu maneno aliyopewa ana kosa?

Mafundisho ya Kanisa yako wazi kwamba tunawajibika hata kwa dhambi zinazotendwa na wengine pale tunaposhirikiana nao, na kwamba uzito hupimwa kwa kile tulichokijua na uhuru tuliokuwa nao. Nicole alijua kidogo kuliko Jeanne, kwa hiyo hatia yake ni ndogo kuliko ya Jeanne. Lakini ndogo si sawa na hakuna. Alijua kwamba jina analolitumia si lake. Alijua kwamba yule aliyeinama mbele yake anamdhania kuwa mtu mwingine. Vivyo hivyo na binti yetu. Alijua kwamba upande wa pili wa simu yuko mwanaume anayesikiliza kwa moyo wake wote. Alisema kwamba mara moja yule fundi alimwuliza kama amekula, na kwamba neno hilo halikuwa kwenye karatasi, ikambidi alijibu mwenyewe. Nadhani ni hapo dhamiri yake ilipogongwa. Karatasi iliisha, akabaki yeye na binadamu mwenzake.

Nilimwambia mambo matatu, ambayo ni yale yale tunayofundishwa tangu katekesi ya kwanza: kujuta, kuungama na kufanya malipizi. La kwanza alikuwa nalo tayari, la sivyo asingekuja. La pili nilimwelekeza, na linabaki kati yake na Mungu. La tatu ndilo lililomtoa jasho. Aliyeibiwa huku akidanganywa ameibiwa mara mbili, fedha na ukweli. Fedha hulipwa kidogo kidogo. Ukweli hulipwa siku moja, kwa mkupuo.

Alimpigia simu yule fundi mwashi akiwa kwake, usiku, baada ya kazi. Alijitaja jina lake la ubatizo. Fundi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo sauti yenyewe ndiyo hii?" Alipojibiwa kuwa ndiyo, akatoa maneno makali, akakata simu. Baada ya siku mbili akapiga mwenyewe, kuuliza kama ni kweli atarudishiwa. Kila mwisho wa mwezi binti anamtumia shilingi elfu kumi. Ng'ombe hajarudi, na itachukua muda mrefu. Kijana aliyeandika ile karatasi ameambiwa kwamba sauti haipatikani tena.

Nasi, je?

Limebaki jambo moja, wapendwa, na hili si la binti huyo bali ni letu.

Mahakimu wa Paris walikuwa watu wa dunia. Wengi wao walikuwa na makundi ya kisiasa, na wengine walifurahia kumwaibisha mfalme. Lakini siku ile waliambiwa kwamba kahaba mfungwa anamnyonyesha mwanawe, wakaketi wakasubiri. Hawakumdai awe malaika kwanza. Walimpa muda wa kuwa mama, kisha muda wa kusema kweli.

Sisi tunaokusanyika kila juma katika jumuiya, tunaosali Rozari na kumtaja Maria Magdalena kwa heshima, je, tunaweza kusubiri hivyo? Wapo kati yetu wanaoketi karibu na mlango. Baadhi wameshiriki uongo mkubwa, na baadhi hawajafanya lolote zaidi ya kufanya kazi ambayo hatuipendi. Tunapowanyamazia wanapoingia, tunawarudisha kwa wale watakaowaita "mpenzi wangu" na kuwapa karatasi ya kusoma. Jeanne alimpata Nicole kwa sababu hakukuwa na mwanamke mwingine yeyote aliyebisha hodi mlangoni pake.

Juma hili, basi, zoezi letu liwe hili. Kila mmoja ajichunguze ni uongo gani ameukopesha sauti yake, saini yake au ukimya wake, hata kama fedha hakuishika, na aanze kuulipa. Na jumuiya itakapokutana, tuangalie nani hayupo, kisha mmoja wetu aende akabishe hodi.

Nawatakia juma jema lenye amani. Tuombeane.

Paroko wenu.